Taa ya nyuma ya pikipiki isifichwe na mzigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo kuhusu mgongo wa pikipiki. Tunapojadili usalama wa bodaboda tunazungumza sana juu ya kofia ngumu, leseni, mwendo kasi na mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, na yote hayo yanastahili kuzungumzwa. Lakini taa ya nyuma, taa ya breki na riflekta, yaani vitu vinavyomwambia dereva anayekuja nyuma kwamba mbele yake kuna mtu, havipati hata sentensi moja. Mimi ni dereva wa semi-trela katika barabara ya Tanzam, kati ya Dar es Salaam na Tunduma na wakati mwingine hadi Lubumbashi, na hapa nyumbani Makambako ninamiliki pikipiki ambayo kijana mmoja anaifanyia kazi na kuniletea hesabu, yaani fedha ya kila siku ya mwenye pikipiki. Ninaandika, basi, kama mtu ambaye usiku huwa nyuma ya pikipiki za wenzake, huku pikipiki yake mwenyewe ikiwa mbele ya malori ya wengine.

Kofia ngumu humsaidia mwendeshaji ajali ikishatokea. Taa ya nyuma ni miongoni mwa vitu vichache vinavyozuia ajali isitokee, tena ajali ya aina ambayo yeye mwenyewe hana namna ya kuikwepa, kwa kuwa inamfuata mgongoni akiwa ametazama mbele, upepo unamvumia masikioni, na vioo vya pembeni, kama bado havijang'olewa, vinamwonyesha viwiko vyake tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba asilimia 21 kati yao walikuwa watumiaji wa pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. Sidai kwamba wote hao waligongwa kwa nyuma. Ninachodai ni kwamba hii ni sehemu ya tatizo ambayo dawa yake iko katika kila duka la spea, balbu moja ikiwa haizidi bei ya sahani ya chipsi, na bado hatuinunui.

Ili msomaji asiyeendesha magari makubwa anielewe, naomba tufanye hesabu ndogo. Lori langu linaruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa nje ya makazi, mwendo ambao ni sawa na mita 22 kwa kila sekunde. Usiku, ninapopishana na gari linalokuja, ninalazimika kushusha taa na kutumia dimu, ambayo kwenye lami kavu na kwa taa safi huangaza vizuri kiasi cha mita 40 hadi 60. Dereva aliye macho na asiyechoka hutumia kama sekunde moja na nusu kutambua kitu, kuamua na kukanyaga breki. Katika muda huo lori limekwisha kwenda mita 33 kabla breki haijaanza kushika, na kutoka hapo gari ambalo pamoja na mzigo linaweza kufika tani 56 bado linahitaji makumi mengine ya mita ili lisimame. Pikipiki isiyo na taa, iliyosimama ukingoni mwa lami huku mwenyewe akikaza mnyororo, iko ndani ya umbali ambao hata dereva mwangalifu amekwisha kushindwa. Ikiwa inatembea kilomita 40 kwa saa kuna nafuu kidogo, kwa kuwa tunakaribiana kwa mita 11 tu kila sekunde, lakini nafuu hiyo huisha pale taa za gari linalokuja zinaponipiga machoni, maana kwa sekunde mbili tatu upande wangu wa kushoto, ambako ndiko bodaboda hupita, huwa giza tupu. Taa nyekundu hata ikiwa ndogo, mradi inawaka na haikufichwa, huonekana kutoka mita mia kadhaa.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna shida moja zaidi, nayo ni ukungu. Kati ya Mafinga na Makambako, na kuelekea Njombe, asubuhi za Juni na Julai ukungu unaweza kushuka hadi kwenye lami, na dereva akiwasha fulu, yaani taa za mwanga mrefu, mwanga wote unamrudia machoni. Kwa sababu ya baridi ya miezi hiyo vijana wetu huvaa makoti mazito ya mitumba, karibu yote yakiwa meusi, ya kijivu au ya bluu iliyokoza, na huyavaa juu ya kizibao cha riflekta badala ya kukiweka kizibao juu. Trafiki akiwasimamisha hufungua zipu na kumwonyesha, naye huridhika. Kwangu mimi niliye nyuma kizibao hicho hakipo. Tena ukungu una tabia yake: mwanga wa taa yangu unapaswa kuupenya kwanza kwenda hadi kwenye riflekta na kisha kuupenya tena kurudi kwangu, wakati mwanga wa taa ya nyuma ya pikipiki unaupenya mara moja tu. Mtu anayetoka Idofi saa kumi na mbili asubuhi na kreti za parachichi hawezi kutegemea riflekta peke yake.

Hata taa peke yake haitoshi, kwa sababu ambayo wengi hatuifikirii. Gari lina taa mbili nyuma, na macho yetu hupima umbali wake kwa kutazama nafasi iliyo kati ya taa hizo, ambayo hupanuka kadiri tunavyolikaribia. Pikipiki ina taa moja. Nukta moja nyekundu gizani haisemi kama iko mita 80 au mita 250, haisemi kama inakwenda au imesimama, na dereva aliyetoka Dar es Salaam jana yake jioni anaweza kabisa kuidhani ni gari lililo mbali ambalo taa yake moja imeungua. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaodhani suluhisho ni kununua taa kali zaidi na basi. Kinachotakiwa ni taa inayowaka katikati, pamoja na riflekta mbili nyekundu zilizoachana, moja kila ncha ya keria, ili kitu kile kiwe na upana, na macho yapate cha kupimia.

Tuitazame sasa taa yenyewe. Pikipiki nyingi tulizonazo, ziwe za India au za China, hutumia nyuma balbu moja ya volti 12 yenye nyuzi mbili ndani yake: uzi wa wati 5 unaowaka muda wote taa zikiwashwa, na uzi wa wati 21 unaowaka breki inapokamatwa. Uzi wa wati 5 ukikatika, mwenye pikipiki anaweza kukaa miezi bila kujua, kwa sababu anapotaka kuhakiki taa yake hufanya kile ambacho kila mtu hufanya: anasogea karibu na ukuta, anakanyaga breki, anaona wekundu ukutani na kuondoka ameridhika. Taa aliyoihakiki ni ya breki. Ile ambayo ingemwonyesha kwa safari nzima ya kutoka Igawa imekwisha kufa. Wapo pia mafundi ambao huunganisha nyaya kinyume, uzi mkubwa ukawaka wakati wote na ule mdogo ukaachiwa breki; pikipiki hiyo inaonekana vizuri sana kwa mbali, ila mwendeshaji akifunga breki hakuna kinachobadilika kwa macho ya aliye nyuma, wala taa yenyewe haidumu kwa sababu ya joto.

Jambo jingine ambalo fundi mzuri wa umeme wa pikipiki atakuthibitishia ni kwamba katika pikipiki nyingi ndogo, hasa za matoleo ya zamani, umeme wa taa ya mbele na ya nyuma hautoki kwenye betri bali huja moja kwa moja kutoka kwenye koili zilizo ubavuni mwa injini, wakati taa ya breki, indiketa na honi hutumia betri. Maana yake ni kwamba injini ikipunguza mzunguko taa hufifia, na injini ikizimika taa huzimika nayo. Kijana aliyeishiwa mafuta katikati ya kilima, akiwa anaisukuma pikipiki yake pembeni mwa lami, ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kuonekana kwa nyuma, na ndiye ambaye kwa mpangilio huo hana taa ya nyuma inayobaki ikiwaka. Hapo kinachobaki ni riflekta, na kama madigadi, yaani kikinga tope cha nyuma, ilikwisha kukatika na kuondoka na riflekta yake ya kiwandani, kinachobaki ni kibao cha namba, kwa kuwa kile nacho kinaakisi mwanga. Nimewahi kuziona pikipiki gizani kwa sababu ya herufi MC tu. Wanaokikunja kibao hicho ili trafiki asisome namba hawajui wanachojinyima.

Kwa wanaotaka kubadili balbu ya kawaida na kuweka ya LED, ambayo kwa kweli ni hatua nzuri kwa kuwa haiuawi upesi na mtetemo na huwaka sehemu ndogo ya sekunde mapema kuliko uzi wa balbu ya kawaida, nina maneno mawili. La kwanza, kama taa ya nyuma inapata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye koili, LED iliyotengenezwa kwa ajili ya betri itapepesa na pengine kufa mapema, kwa hiyo fundi ahamishie waya wa taa hiyo kwenye betri kwanza, akihakikisha kuwa betri yenyewe inachaji. La pili, nyuma ya kioo chekundu iwekwe LED nyekundu, si nyeupe. Nyeupe ile yenye ubluu huchujwa na kioo na kutoa wekundu uliopauka ambao hauendi mbali. Mteja anaposimama dukani ameshika LED nyeupe inayomchoma macho, anadhani amepata taa kali. Akiifunga ndani ya kioo, inakuwa hafifu kuliko balbu aliyoitupa. Na kama balbu za kawaida zinaungua kila baada ya wiki chache, tatizo haliko kwenye balbu. Fundi apime umeme injini ikiwa na mzunguko mkubwa, kwa sababu kifaa cha kudhibiti chaji kikiharibika kinaachia umeme mwingi kupita kiasi na kuunguza kila kinachokutana nacho.

Swichi za breki nazo ni mbili, ya mkono na ya mguu, na mara nyingi moja haifanyi kazi. Ile ya mguu huvutwa na springi nyembamba iliyo karibu na pedali, mahali panapopigwa na tope lote la barabara. Springi ikilegea au ikikatika, taa haiwaki mpaka mguu uwe umekanyaga hadi mwisho. Ile ya mkono hufa kimyakimya. Na hata zote zikiwa nzima, waendesha pikipiki wengi hupunguza mwendo kwa kurudisha gia, bila kugusa breki, hasa wanapomwona abiria anapunga mkono kando ya barabara. Wanapungua kutoka kilomita 60 hadi 20 bila dalili yoyote nyuma. Ningewaomba waguse breki kidogo tu, mara mbili, kabla ya kuanza kupungua. Hilo halihitaji fundi wala fedha.

Nimeacha kwa makusudi suala la mzigo mpaka hapa kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalofanya mengi niliyoyasema kuwa bure. Taa ya nyuma ya pikipiki imewekwa na kiwanda chini ya mwisho wa kiti, kwa dhana kwamba nyuma yake hakutakuwa na kitu. Kwetu nyuma yake kuna keria ya nondo iliyochomelewa mtaani, ndefu kuliko ya kiwandani kwa mkono mzima, na juu ya keria hiyo kuna gunia la viazi lililofungwa lumbesa, yaani lililojazwa kupita mdomo wake, au magunia mawili ya mkaa yaliyolala kwa ubavu, au vitanda vya sofa, au majani ya ng'ombe yanayofagia lami. Taa inawaka vizuri kabisa, imewashwa na kijana mwangalifu mwenye balbu mpya, na inaangaza chini ya gunia. Ukiwa ndani ya kabini ya lori, ambako macho ya dereva yako zaidi ya mita mbili kutoka ardhini, huoni taa hiyo. Unachokiona ni kitu cheusi chenye umbo lisiloeleweka, na mara nyingine ukiwa na bahati unaona wekundu kidogo ukimulika lami chini yake. Abiria naye ni mzigo kwa maana hii: akikaa nyuma na kitenge au koti refu, upindo unaning'inia juu ya kioo cha taa.

Kwenye pikipiki yangu nilifanya hivi, na ninaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu mtu yeyote anaweza kuiga. Mchomeleaji yule yule aliyetengeneza keria aliongeza vipande viwili vifupi vya bati nene kwenye ncha zake za nyuma, kila kimoja kikiwa na tundu la skrubu, na hapo tukafunga riflekta mbili nyekundu za mviringo za aina inayofungwa kwenye trela. Katikati ya ubao wa nyuma wa keria akachomelea kishikio, tukafunga taa ya pili ya LED nyekundu, ndogo, yenye waya uliopitishwa ndani ya mpira wa mafuta ili usikatwe na kamba za mzigo, na taa hiyo inapokea umeme kutoka kwenye betri, kwa ajili ya kuonekana na kwa ajili ya breki. Taa ya kiwandani imebaki pale pale. Gunia linapokaa juu ya keria, taa ya pili iko nyuma ya gunia, si chini yake. Kazi yote ilifanyika asubuhi moja, na gharama yake ilikuwa hesabu ya siku chache. Kwa mizigo inayovuka hata mwisho wa keria, kama mbao za kutoka Mafinga, kijana anayo taa ndogo nyekundu ya baiskeli inayochajiwa kwa waya wa simu, ambayo anaibana mwishoni kabisa mwa mzigo. Nimemwambia aiache iwake moja kwa moja bila kumetameta, kwa sababu inayometameta huvuta jicho upesi lakini ni vigumu kukadiria iko umbali gani.

Kuhusu riflekta, napenda madereva wa magari madogo waelewe kwa nini wanachokiona wao si kile tunachokiona sisi. Riflekta imetengenezwa kurudisha mwanga kule ulikotoka, yaani kwenye taa za gari. Katika gari dogo macho ya dereva hayako mbali na taa zake, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga unaorudi humfikia. Katika lori macho yako juu sana ya taa, na mwanga mwingi unaorudi hupita chini yetu. Riflekta ile ile inayong'aa sana kwa mwenye gari dogo huwa hafifu kwa mwenye semi-trela, ambaye ndiye mzito na ndiye anayechelewa kusimama. Ninalisema hili kwa sababu nimesikia watu wakijaribu vizibao vyao kwa kuvimulika kwa tochi ya simu iliyo karibu na jicho na kuona vinang'aa kama nyota. Kwa namna hiyo hata kizibao kilichochakaa kitang'aa.

Vizibao ni vizuri, na sitaki nieleweke vinginevyo. Utafiti uliofanyika katika eneo la Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004 katika jarida la kitabibu la BMJ, ulionyesha kuwa waendesha pikipiki waliovaa mavazi ya kuakisi au yenye rangi kali walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 37 ya kuumia vibaya au kufa kuliko wasiovaa, na kwamba kofia nyeupe ikilinganishwa na nyeusi ilihusiana na upungufu wa asilimia 24. Lakini kule mara nyingi mwendeshaji huwa peke yake juu ya pikipiki. Hapa kizibao cha mwendeshaji hufunikwa na abiria, na abiria ndiye mtu wa mwisho nyuma. Majirani zetu wa Kenya wameliona hilo, kwa kuwa sheria yao inamtaka mwendeshaji awe na kofia na koti la kuakisi kwa ajili ya abiria wake pia. Utekelezaji wake ni jambo jingine, ila wazo ni sahihi. Na anayenunua kizibao atazame mistari ya rangi ya fedha, si rangi ya njano au ya chungwa tu, kwa maana rangi hizo kali ni za mchana. Usiku mistari ndiyo inayofanya kazi, nayo hufa baada ya kufuliwa mara nyingi na kusuguliwa na jua na vumbi.

Kabla sijafika kwa wahusika, niwaseme kidogo wenye mapambo. Taa za bluu na kijani zinazozungushiwa madigadi zina raha yake kijiweni. Barabarani zinamchanganya aliye nyuma, ambaye amezoea kuwa nyekundu ni mgongo na nyeupe ni uso. Baya zaidi ni kioo chekundu kilichovunjika na kuachwa hivyo hivyo, balbu ikawa inatoa mwanga mweupe kwa nyuma; mara kadhaa nimepunguza mwendo nikidhani kuna pikipiki inanijia upande wangu, kumbe ni inayokwenda nilikokuwa nikienda. Mwenzangu mmoja katika hali kama hiyo aliamua kuikwepa kwa kutoka nje ya lami.

Nani basi afanye nini? Kawaida yetu ni kumlaumu kijana. Lakini kijana aliye kwenye mkataba, ambaye kila jioni lazima apeleke hesabu ndipo ahesabu chake, hatanunua taa ya pili kwa fedha ya chakula cha watoto, na sisi matajiri, yaani wenye pikipiki, tunajua hivyo. Pikipiki ni mali yetu mpaka mkataba uishe. Tunagharimia matairi, mnyororo na oili kwa sababu visipokuwepo hesabu haiji. Taa ya nyuma ikifa hesabu inaendelea kuja, na ndiyo maana tunaisahau. Ningependa kuona mikataba hii, hata ile ya kuandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, ikitaja taa na riflekta kuwa ni wajibu wa mwenye pikipiki, na ningependa askari anapokamata pikipiki isiyo na taa ya nyuma amtafute mwenye kadi ya pikipiki, yaani mmiliki wake.

Sheria hatuna haja ya kutunga upya. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 tayari inataka chombo kinachotembea usiku kiwe na taa. Kinachohitaji kubadilika ni namna ya kukagua. Wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama pikipiki hukaguliwa ikiwa tupu, mchana, imeegeshwa kwenye uwanja, na mkaguzi akiwa amesimama mbele au ubavuni. Taa ikiwaka, stika inatolewa. Mkaguzi akisogea hatua ishirini nyuma, akaomba gunia lolote liwekwe juu ya keria, kisha akamwambia mwenyewe akamate breki ya mkono peke yake na halafu ya mguu peke yake, atajua kila anachopaswa kujua kwa muda usiozidi dakika mbili. Shirika la Viwango Tanzania nalo lingeweza kutazama suala la pikipiki zinazoingizwa kwa ajili ya biashara: zote zinajulikana kuwa zitafungwa keria, kwa hiyo si vibaya kudai kuwa ziuzwe zikiwa na taa inayoweza kusogezwa hadi mwisho wa keria hiyo. Na wachomeleaji wetu, ambao hakuna mtu anayewakumbuka katika semina za usalama barabarani, waalikwe. Wao ndio wanaoamua, bila kuambiwa na mtu yeyote, kama taa ya pikipiki itaonekana au itakaa kivulini kwa maisha yake yote.

Upande wetu madereva wa malori una deni lake. Taa zetu za mbele zenye vioo vilivyopauka na zilizoelekezwa juu zinawapofusha wengine na kutuonyesha kidogo sisi wenyewe. Wapo kati yetu wasioshusha fulu wanapopishana na pikipiki kwa sababu tu haiwezi kuwaumiza, na wapo wanaopita katikati ya ukungu wa Nyigo kwa mwendo ule ule wa mchana wa jua. Utingo akifuta taa kila tunaposimama, na dereva akikubali kufika Tunduma saa moja baadaye, pikipiki yenye taa hafifu inaweza kuonekana kwa wakati. Pikipiki isiyo na taa kabisa haitaonekana hata hivyo, na hapo ndipo ninapowarudishia mpira wenye pikipiki.

Kwa viongozi wa vijiwe vya bodaboda hapa Makambako nina pendekezo la kweli, si la karatasini. Lori langu huegeshwa mjini kila ninaporudi kutoka safari, kabla ya kupangiwa mzigo mwingine. Waje jioni baada ya jua kuzama, wawili wawili, wapande kwenye kabini na kukaa kwenye kiti cha dereva, huku mwenzao akiondoka taratibu mbele yetu na gunia nyuma, taa zangu zikiwa kwenye dimu. Waseme wenyewe ni baada ya hatua ngapi walipoacha kumwona. Kisha tufunge taa ya pili kwenye pikipiki hiyo hiyo na tuhesabu tena.

Wako,
Dereva wa masafa marefu,
Makambako, Njombe.